Aliyejibu kwa Jina la Pofu

Kwanza ilikuwa taa tu. Redio ya mezani pale kituoni ilikuwa na taa ndogo usoni, inawaka nyekundu ukiongea wewe na kijani akiongea mwingine. Jioni hiyo Efrazia alikuwa amemaliza kuwaita walinzi wake, wote wameitika, akaweka maiki chini na kunyoosha mgongo. Taa ya kijani ikawaka. Hakuna aliyeongea. Ikakaa imewaka hivyo hivyo, kana kwamba mtu fulani huko porini amebonyeza kitufe cha kuongelea halafu akasahau alichotaka kusema, kisha ikazimika yenyewe.

"Nani huyo anachezea chaneli?" Efrazia akauliza.

Akadhani kuna mlinzi ameikalia redio yake. Lilikuwa jambo la kawaida, hasa kwa Matiko, ambaye siku moja alikalia kitufe na walinzi wote wakamsikiliza akiimba nyimbo za kwaya mpaka betri ikaisha.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, nyuma ya godauni la kijiji, upande wa Nyambureti unaotazama hifadhi. Mahindi yakianza kubeba, tembo hutoka hifadhini kuja kula, na wenye mashamba walikuwa wamechoka kulala njaa kwa ajili ya mnyama ambaye wageni wanavuka bahari kuja kumpiga picha. Wakaunda kikundi. Wakajenga madungu, vibanda vya kulindia juu ya nguzo, pembezoni mwa mashamba, kila dungu likapewa jina la mnyama, Kongoni, Ngiri, Swala, Pofu, na kila mlinzi akapanda dunguni kwake na redio ya upepo, tochi na vuvuzela. Juu ya kilima cha Getanga wakafunga ripita, yaani sanduku la chuma lenye antena ndefu na sola mbili, kazi yake kudaka sauti ya upande huu na kuirusha upande wa pili. Bila ripita kilima kile kilimeza kila neno. Katikati ya yote hayo alikaa Efrazia, hewani anaitwa Bezi, ndiye anayejua tembo wako wapi na nani aende wapi.

Pofu lilikuwa dungu la kaka yake, Simioni. Msimu uliopita tembo jike mwenye mtoto alimkuta Simioni korongoni, na habari za siku hiyo hatuna haja ya kuzirudia. Alizikwa nyumbani. Redio yake haikuonekana. Dungu lake likabaki tupu, hakuna aliyetaka kulipanda.

Ila Efrazia aliendelea kuliita. Kila jioni kabla giza halijaingia aliwaita walinzi mmoja mmoja, na akiwamaliza wote anasema, "Pofu, Pofu, Bezi." Anangoja kidogo. Halafu anafunga. Nani angemwambia aache? Wewe ungeweza? Filemoni, mwenyekiti wa kikundi, mtu mkali anayegombeza hadi mvua, alikuwa akilisikia jina hilo anatazama pembeni. Na mama yao, Gati, saa hiyo ilikuwa lazima umkute nje ya dirisha la kituo, juu ya kigoda, ungo wa maharage mapajani. Watu walipita wakaamkia, yeye akaitikia marahaba, na kila mtu alijua kwamba maharage yale hayachambuliwi.

Kesho yake jioni Efrazia akaita tena kama kawaida, na mwisho akafika kwenye jina lile.

"Pofu, Pofu, Bezi."

Taa ya kijani ikawaka. Safari hii kulikuwa na sauti, ndogo, ya mtu anayemeza mate karibu kabisa na maiki. Kwenye matundu ya spika ikatoka harufu ya kwato zilizochomwa, ile ya siku ya kubabua kichwa cha ng'ombe, ikajaa chumba kizima. Kisha:

"Bezi... Pofu. Nimekupata."

Ilikuwa sauti ya Simioni. Haikufanana nayo tu, ilikuwa yenyewe, pamoja na ule mkwaruzo wake wa mtu aliyeamka sasa hivi. Nje ya dirisha ungo ukaanguka, maharage yakatawanyika chini.

Filemoni aliposimuliwa asubuhi alikuja juu.

"Ni mwizi! Mtu kaokota ile redio, anatuchezea akili."

"Betri ya redio ikikaa sana inakaa siku mbili, mwenyekiti," Efrazia akamwambia. "Huu ni mwaka sasa."

"Basi ana chaja."

"Na sauti ya kaka yangu kaiokota wapi?"

Filemoni, kwa kuwa yeye ni mtu wa vitendo, akachukua kompyuta yake akapanda Getanga. Akabadilisha namba za kuingilia kwenye ripita, akazunguka madungu yote na kubadilisha redio moja baada ya nyingine, ile iliyopotea isiweze tena kufungua chaneli hata ingekuwa mpya dukani. Akarudi jioni anatoka jasho, anajipongeza. Efrazia naye akaamua kutoita jina la Pofu kabisa. Aliwaita walio hai, akafunga, akanyoosha mkono kuchukua khanga yake.

Taa ya kijani.

"Bezi," ikasema sauti ya Simioni, taratibu. "Mbona leo huniiti?"

Watu wengi hudhani jini ana saa zake, kwamba jua likichomoza anajificha mahali na mwenye kumwogopa anaweza kwenda shambani. Huyu hakuwa na adabu hiyo. Aliongea saa nne za asubuhi, jua kali, watoto wako shule. Aliongea mchana watu wakila ugali. Mwanzo alitumia sauti ya Simioni peke yake, na maneno ambayo Simioni alizoea kuyasema: nimekupata, endelea, rudia. Halafu akaanza kuokota na ya wengine. Ukisema jambo hewani leo, keshokutwa unalisikia, limekatwa vipande na kuunganishwa upya, kwa sauti yako mwenyewe, na kabla ya neno la kwanza ule mmezo wa mate. Walinzi wakaanza kuongea kwa kunong'ona. Kisha wakaanza kuongea kidogo. Mwisho wengine wakaacha kabisa, wanaona tembo wameingia kwenye mahindi ya jirani na wananyamaza, maana nani anataka kumpa yule kitu cha kushika?

Siku iliyoharibu kila kitu ni siku ya Elieth. Elieth alikuwa mlinzi wa Kongoni, mama wa mtoto mchanga, mwanamke asiyetishwa na tembo wala na wakwe. Alfajiri moja alikuja kituoni miguu imechanika kwa miiba, akasimama mlangoni asiingie.

"Dada Efrazia, nimekukosea nini?"

"Wewe? Hujanikosea kitu. Imekuwaje?"

"Jana kabla jua halijazama uliniita. Ukaniambia, Kongoni, tembo wamegeuka, shuka upite korongoni ukawakinge Ngiri. Ni wewe. Hata ukakohoa kile kikohozi chako. Nikashuka." Akashusha pumzi. "Walikuwa wamesimama kule chini kundi zima, hawali, hawatingishi masikio. Wamesimama wananingoja mimi. Nimekaa juu ya mti mpaka saa hizi."

Efrazia akashikwa na woga. Na hasira pia, hasira ya mtu aliyeibiwa. Sauti ya Bezi ndiyo iliyokuwa ikiwarudisha watu nyumbani wazima, ilimchukua miaka kuijenga ili mtu aamke usingizini akiisikia na kuitii bila kuuliza, na sasa kuna kitu kimeivaa na kwenda kuwatafutia watu kifo.

"Nisikilize," akamnong'oneza Elieth. "Kuanzia leo mimi sikuambii ushuke. Ukisikia nakuambia ushuke, jua siyo mimi."

Kikundi kikachangishana, akaletwa mganga. Alikuja na bodaboda kutoka Genkuru, jina lake Kornelio, suruali imepigwa pasi, mfuko wa dawa umefungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira pamoja na mbuzi aliyemnunua kwa pesa za kikundi, ambaye alikuwa akilalamika njia nzima. Akainusa redio. Akainusa chaja. Akauliza Simioni alikufa wapi na alikuwa akiitwaje. Kisha akasema hapa hapana jini wa kutisha mtu mzima, akapanda Getanga na Filemoni mchana kweupe, redio ya mkononi kiunoni.

Walirudi mapema kuliko walivyotegemewa. Kornelio alikuwa na kiatu kimoja.

"Mura, kijana," akamwambia Filemoni, huku akikwepa kumwangalia mtu yeyote machoni, "mimi sijawahi. Nilikuwa bado sijafungua mdomo, ile redio ikaanza kusoma dua yangu. Kwa sauti yangu. Ikaimaliza, ikacheka."

"Sasa tufanye nini, mzee?" Filemoni akauliza.

Kornelio akajipangusa uso. Akaeleza kwamba kitu kile hakina mwili, kinaishi kwa kuitikiwa. Na hakiiti ovyo. Kina mtu wake kinayemtaka, na kila mtu pale anamjua. "Siku mbili hizi kinasema nini? Si kinasema, Mama, njoo unichukue, nina baridi? Basi mama aende korongoni aitike mara moja, na mbuzi mweusi. Kikipata, kinatulia. Wengine mtalima kwa amani."

Efrazia akainuka kwenye kiti chake.

"Mzee Kornelio, shikamoo niliyokupa asubuhi sikunyang'anyi. Lakini mama yangu si mbuzi."

"Binti, sikusema..."

"Umesema. Nimekusikia vizuri, kazi yangu ni kusikia. Kama kinataka mtu wa kuitikia, niko hapa, nitaitikia mimi mpaka kikome kuuliza. Mama haendi."

Kornelio aliondoka na pikipiki yake na mbuzi wetu, hilo hakulisahau. Filemoni akapendekeza ripita izimwe. Wenye mashamba wakakaa chini ya paa la godauni wakabishana mpaka koo zikakauka, na mwisho wakakataa. Mahindi yalikuwa yamebeba, ripita ikizimwa wiki moja tembo watamaliza upande wote wa pili wa kilima, na jini gani atawalisha watoto? Efrazia alifurahi walivyokataa. Alikuwa na njaa ya ugomvi.

Ugomvi alioupata ulikuwa wa nyumbani. Aliporudi alimkuta mama yake amekaa jikoni gizani, moto umezimika, sufuria haina kitu.

"Ananiita," Gati akasema, sauti ya chini.

"Mama, siyo yeye."

"Ni sauti yake."

"Sauti ni yake. Yeye siye. Yeye tumemzika, mimi na wewe, hapo nje."

"Anasema ana baridi, Efrazia. Mwanangu hakupenda baridi tangu mdogo. Wewe hujazaa, huwezi kujua."

Neno hilo lilimkata Efrazia. Akawasha moto, akasonga ugali, akamwekea mama yake, na mama hakula. Alilala akiwa na uchungu ambao aliona aibu kuutaja hata kimoyomoyo: kwamba nyumba ile ilikuwa na mtoto mmoja tu, naye ni yule aliyekufa.

Ilitokea mchana. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Ikoma, mawingu mazito, hewa imesimama. Efrazia alitoka kwenda kuchota maji bombani, na aliporudi akaona kwenye safu ya chaja kuna nafasi moja tupu. Redio moja imeondoka, na kwenye msumari ukutani hapakuwa na ule waya wa sikioni ambao walinzi huuchomeka wasije wakasikika na tembo. Nje ya dirisha kigoda kilikuwa peke yake.

Taa ya kijani ikawaka.

"Kushoto, Mama," ikasema sauti ya Simioni. "Hapo kwenye mgunga. Teremka."

Na baada yake sauti ya pili, inahema, ya mtu mzima aliyetembea sana juani:

"Nakuja, baba. Usiondoke, nakuja."

Efrazia akapiga yowe. Filemoni alikuwa nje ya godauni anatengeneza cheni ya pikipiki, akakimbilia mlangoni.

"Mama yuko korongoni! Nenda!"

"Na wewe?"

"Nikitoka hapa nani ataongea naye? Nenda, mwenyekiti, nenda!"

Pikipiki ikanguruma, ikapotea. Njia ya korongoni ni ya mawe, na hata mwendeshaji mwenye wazimu hafiki upesi. Efrazia akakaa. Akaangalia maiki, na jambo alilolijua tangu siku ya kwanza ya kazi, ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria kuwa silaha, likamjia waziwazi. Redio hizi si simu. Chaneli moja, sauti moja. Aliyeshika kitufe ndiye mwenye hewa, na wengine wote, wawe watu au wawe nini, wanangoja aachie.

Akakishika. Taa ikawa nyekundu.

"Mama, ni Efrazia. Simama hapo ulipo. Sitaachia hiki kitufe, kwa hiyo hutamsikia mwingine ila mimi, simama unisikilize, ulivyotoka hujafunga kuku, hujafunika maji, na mvua inakuja, Mama, unaiona, iko juu yako hapo, na mimi niko kituoni peke yangu naongea na ukuta kwa sababu siwezi kukusikia ukinijibu, wewe simama tu, shika huo mti, kaa chini kama miguu imechoka, lakini usiteremke, hata hatua, huyo anayekuambia uteremke hakunyonya kwako, hajui hata..."

Mlio mkali ukamkata. Ripita ilikuwa imepangwa kumkata mtu yeyote anayeng'ang'ania chaneli muda mrefu, Filemoni mwenyewe aliipanga hivyo baada ya ile kwaya ya Matiko. Katika mwanya huo mdogo mate yakamezwa.

"Mama, usimsikilize. Umekaribia. Niinue."

Harufu ya kwato ikamjaa puani Efrazia mpaka machozi yakamtoka. Akabonyeza tena. Na sasa hakuongea tena kama Bezi, akaongea kama mtoto.

"Mama, ulizaa wawili. Mmoja umemzika na mimi ndiye niliyekushika mkono siku hiyo. Wa pili ni mimi, Mama. Mimi sijafa. Tangu Simioni aondoke hujaniuliza hata siku moja kama nimekula. Sikukulaumu, nami namlilia, lakini leo nakulaumu, nakulaumu mbele ya madungu yote, kwa sababu unataka kuniacha duniani peke yangu umfuate mtu ambaye angekuwa hapa angekushika khanga akurudishe nyumbani kwa nguvu! Na nyinyi mnaonisikia, Kongoni, Ngiri, Swala, wote, mlionyamaza siku zote hizi! Nikikatwa, mmoja adake. Akikatwa, mwingine adake. Semeni chochote. Msimwachie huyu hewa hata ya kupumulia!"

Mlio. Mwanya. Ule mmezo ukaanza, na juu yake ikapanda sauti kavu ya Elieth, haikunong'ona hata kidogo:

"Kongoni hapa! Mama Gati shikamoo! Mimi ni Elieth, nimembeba mwanangu mgongoni na amenikojolea sasa hivi, na wewe mwenye kumeza mate, ulinipandisha mtini, leo shuka wewe tukuone!"

Akadaka Matiko. Matiko akaimba. Aliimba vibaya, kwa nguvu zote, wimbo ule ule wa kwaya, na alipokatwa akadaka wa Swala akitangaza kwamba ng'ombe wake mwekundu amepotea na aliyemwona amrudishe, kisha Ngiri akamtukana jini ukoo mzima kwa Kikurya, matusi ambayo hatuwezi kuyaandika hapa lakini yaliwafurahisha wengi, kisha Elieth tena, kisha Matiko tena, na kila penye mwanya kitu kile kiliingiza neno, Mama, na kikakanyagwa, nakuomba, na kikakanyagwa, kikageuka kikawa sauti ya Filemoni, kikawa Kornelio, kikawa Efrazia mwenyewe akilia, na spika ikawa ya moto mpaka plastiki ikaanza kulainika, na juu ya paa mvua ikafika yote kwa pamoja, na Efrazia akapiga meza kwa ngumi akisema endeleeni, endeleeni, endeleeni.

Halafu wote wakakatwa kwa pamoja. Hewa ikabaki wazi, hakuna aliyejua zamu ni ya nani.

Taa ya kijani ikawaka.

"Bezi, Bezi," ikasema sauti. Ilikuwa inahema. "Pofu."

Efrazia akasimama bila kujua amesimama. Sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Pofu ni mimi," akasema Gati. "Hilo jina lina mwenyewe. Ni mimi, Gati, mama wa Simioni na wa Efrazia. Nimesimama hapa, mvua inaninyeshea. Na wewe uliye hapa chini miguuni, umesikia? Hakuna Pofu mwingine. Ukiitwa tena, usiitike, siyo wewe." Kisha, kwa sauti nyingine, ya nyumbani: "Efrazia, mwanangu. Nakurudia."

Efrazia akalia kwa sauti, maiki mkononi, na hakuna aliyemcheka.

Filemoni alimrudisha nyuma ya pikipiki, wote wawili matope mpaka masikioni. Alipokwisha kunywa chai ndipo Gati akasema alichokiona. Chini ya korongo, kwenye nyasi zilizolala, ilikuwepo redio ya Simioni. Mgongo wake ulikuwa wazi, betri haimo, siafu wamejenga humo ndani. Taa yake imewaka. Ilikuwa inamwambia amwinue, na alikuwa ameshainama, mkono umefika kwenye nyasi, Efrazia alipoingia sikioni mwake.

"Ulinisema vibaya sana," akamwambia binti yake.

"Nisamehe, Mama."

"Usiombe msamaha. Ulikuwa sahihi." Akatazama ndani ya kikombe. "Tulikosea sisi sote. Kwetu mtu akifa, jina lake hupewa mtoto anayefuata kuzaliwa, lisikae bure. Jina la Simioni tulimpa mtoto wa Elieth, tukala, tukashangilia. Hili la redio tukaona ni la kazi tu, si jina. Tukaliacha wazi, tena tukaliita kila jioni. Mtu anayebisha hodi kila siku kwenye nyumba tupu, iko siku ataitikiwa."

"Nilikuwa naliita mimi," akasema Efrazia.

"Na mimi nilikuwa nakaa dirishani kusikiliza. Basi. Kesho nipe redio, nitalipanda lile dungu."

"Mama! Magoti yako?"

"Magoti yangu yamenifikisha korongoni, yatanifikisha na dunguni."

Kikundi kilirudi korongoni na mafuta ya taa, kikachoma ile redio mpaka ikawa donge. Kornelio alipata habari huko kwao, akatuma ujumbe kwamba dawa yake huwa inachelewa kidogo kufanya kazi. Filemoni akamjibu kwamba mbuzi naye anachelewa kurudi.

Gati akawa mlinzi wa Pofu, na alikuwa mlinzi mbaya kwa kweli. Hakujifunza kusema ova akimaliza kuongea. Alishika hewa muda mrefu akiwauliza walinzi wenzake kama watoto wamepona mafua, mpaka ripita ikamkata, na akiachiwa anaendelea pale pale alipokatizwa. Hakuna aliyelalamika. Madungu yote yakapata tabia hiyo ya kupiga soga mchana kutwa, na tembo waliotokeza walikuta watu macho.

Siku moja ya mwisho wa msimu, Efrazia alimwachia Filemoni kituo akaenda kumpelekea mama yake chakula. Wakakaa wawili dunguni, miguu inaning'inia, jua bado liko juu, mahindi yamekauka tayari kuvunwa. Gati akamkatia kipande kikubwa cha kuku, akamtazama mpaka alipokiweka mdomoni.

Redio ikawaka taa. Mate yakamezwa.

"Mama," ikasema, kwa sauti ya Efrazia, na kile kikohozi chake kidogo. "Mama, ni mimi. Niko hapa chini. Shuka."

Efrazia akaacha kutafuna. Akaona mama yake anaangalia mdomo wake, kisha anaangalia redio, kisha anaangalia chini ya ngazi, ambako nyasi zilikuwa zimelala kama zimekaliwa. Harufu ikapanda mpaka kwao. Gati alibonyeza kitufe.

"Mwanangu yuko hapa, anakula," akasema. "Wewe kaa na njaa yako."